Alikuja Mtu Kukuulizia

Hewa Bora, Jumapili jioni

Odette wangu,

Umetoka hapa sasa hivi kwenda kusukwa nywele avenue ya nyuma, na umesema kichwa chako kitachukua saa mbili. Basi nina saa mbili. Sanduku lako liko mlangoni, limefungwa kwa kamba juu ya kufuli kwa sababu kufuli huliamini. Papa Paluku amekwenda parokiani kwenye mkutano wa akina baba. Nimebaki na meza, na daftari lako la hesabu la mwaka jana, ambalo mwishoni lina kurasa nyeupe. Nazitumia hizo.

Sitaandika kuhusu maji ya kuchemsha, wala chandarua, wala vijana wa Pweto. Hayo nimeyasema wiki nzima, nawe umejibu kwa ile "ndiyo mama" yako ambayo maana yake ni "nyamaza."

Kesho asubuhi gari la shirika litakupitia, utakwenda Pweto kuwahesabu watu wanaorudi kutoka ng'ambo, upande wa Zambia. Ni kazi yako ya kwanza. Tangu asubuhi najaribu kulisikia jambo hili moyoni, na silisikii. Ni kama mkono ulioulalia: unauona, ni wako, unaubonyeza na hakuna kitu. Nimekaanga samaki wako wa safari. Nimekunja maputa yako mawili ya kitenge. Nimefanya yote hayo kama mtu anayefanya kazi katika nyumba ya watu wengine.

Usifikiri ni kwa sababu ya ndoa. Najua majirani wanasema mama aliyeolewa majuzi hana nafasi ya kulilia mtoto. Ni kweli kwamba nimeolewa majuzi, harusi yangu na Papa Paluku ina wiki tatu, na ni kweli kwamba nina furaha ya kijinga ambayo sikujua inauzwa kwa watu wa umri wangu. Umeniona mwenyewe. Nachelewesha chakula ili kiwe cha moto atakapofika. Nasikia mlio wa lori lake kutoka barabara ya lami na kulitofautisha na malori mengine yote ya Kampemba. Nina miaka arobaini na minne, na akiniita kutoka uani naangalia kwanza kwenye kioo.

Sijawahi kukuambia vizuri tulivyoanza. Nilikwenda kwenye depo yake kutafuta nusu gunia la maharage. Alikuwa ameketi juu ya viazi vyake vya Kivu na kalamu nyuma ya sikio. Akaniuliza, "Mama, hizi maharage ni za kilio ao za harusi?"

Nikamwambia ni za kula.

"Basi kungali nafasi," akasema, na akanipimia bila kucheka. Nilifika nyumbani ndipo nikaelewa, nikacheka peke yangu jikoni, nawe ukauliza kama naumwa.

Siku tulipotia sahihi kitabu cha parokia alishika kalamu muda mrefu. Padri akafikiri hajui kuandika. Kumbe alikuwa anasoma jina lake. Alininong'oneza, "Chérie, wajua mimi sijaandikwaka mahali. Nilikimbia vita ya kwetu, nikafika huku, nikalala mu depo ya binamu yangu. Hakuna mutu alikuya na karatasi. Weye ndiye wa kwanza kunihesabu." Nilifikiri nitaanguka kwa furaha pale pale, na kitambaa cha kichwa na kila kitu.

Ni hilo neno lake, kuhesabu, lililotufikisha hapa.

Wiki ya pili ya ndoa yetu tulikuwa tunakula, yeye na mimi, wewe ulikuwa umekwenda kufanya mtihani wa hiyo kazi. Akawa anaongea juu yako, kwamba ni kazi nzuri, kwamba mama yake angekuheshimu sana. Nikamuuliza kwa nini. Ndipo akanieleza jambo ambalo hakuwahi kunieleza katika mwaka mzima wa kunichumbia. Walipokimbia kwao, mdogo wake wa miaka mitano alipotea njiani. Mama yake alikuwa anakwenda kila kambi aliyosikia imefunguliwa, anapanga mstari mbele ya meza ya makarani, anataja jina la mtoto. Kila mara walimwambia, hayupo kwenye orodha. Alifanya hivyo mpaka alipokufa.

"Na alikuwa anarudi hana kasirani," Paluku akasema. "Alikuwa anasema tu, leo karani alikuwa mupole. Ao anasema, ule wa leo alikuwa mukali. Njo vile ilikuwa habari yetu ya kila mara. Karani alikuwa namna gani."

Nilikuwa na tonge la bukari mkononi. Nilichovya kwenye mboga ya sombe, nikala. Nikachukua lingine, nikala. Sikusikia ladha, na tangu siku ile sisikii vizuri kitu chochote.

Odette, kila uliponiuliza, tangu ukiwa mdogo, nilikuambia kwamba nilikukuta kwenye shule ya parokia kati ya watu waliokimbia kaskazini, kwamba hukuwa na mtu, na kwamba hakuna mtu aliyekuja kukuulizia. Mawili ya kwanza ni kweli. La tatu si kweli. Alikuja mtu kukuulizia.

Sasa nieleze kwa utaratibu, kama ninavyoweza.

Miaka kumi na tano iliyopita vijiji vya kaskazini vilikuwa vinachomwa na wanamgambo, na watu walikuwa wanashuka kwa miguu, kwa baiskeli, juu ya mabehewa ya mizigo. Wengine walifika hapa mjini. Wengi waliingia kwa ndugu zao, huku Kampemba na kwingine, na hao hakuna aliyewahesabu, kwa sababu mtu akiingia nyumba ya ndugu anaitwa mgeni. Wasiokuwa na ndugu waliwekwa kwenye madarasa ya shule, kwa kuwa ilikuwa likizo. Shirika moja likatafuta makarani: dipulome ya sekondari, Kiswahili na Kiluba. Mimi nilikuwa navyo vyote vitatu, na sikuwa na kingine. Mume wangu wa zamani, yule aliyefanya kazi kwenye migodi ya Kinsevere, alikuwa ameondoka miezi michache kabla. Miaka mitano bila mimba, na mama yake alikuwa amechoka kuvumilia. Hakuwa amenipeleka kanisani, kwa hiyo hata kuniacha hakukuhitaji karatasi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila familia ilikuwa na mstari wake wa mkubwa wa nyumba, kisha chini yake watu wake: jina, umri, mwanamume au mwanamke, uhusiano na mkubwa wa nyumba, wametoka wapi. Ukimaliza darasa, unasimama mlangoni na kuhesabu vichwa. Vichwa na majina lazima vilingane. Karatasi ikilingana inafungwa, inatiwa sahihi, na jioni hiyo hiyo lori la unga linaleta chakula cha darasa hilo. Isipolingana, darasa zima linasubiri kesho.

Darasa la tano nilikuwa na majina arobaini. Vichwa vilikuwa arobaini na kimoja. Nikahesabu tena. Ulikuwa wewe.

Ulikuwa umepakatwa na mwanamke mrefu, Mama Numbi. Nilikuwa nimeshaandika watoto wake wanne, na hukuwa kati yao.

"Huyu mutoto iko wa nani?" nikauliza.

Hakuniangalia. "Iko wetu."

"Wetu wa nani?"

"Wetu wa hii chumba."

"Mama, mu karatasi hakuna mahali ya chumba. Kuko mahali ya mama na ya baba."

Wanawake wakacheka. Mmoja aliyekuwa anapepeta mchele akasema, "Karani, kwenu mutoto anakosaka mwenyewe?"

Ungesikia walivyocheka. Na mimi nilicheka. Odette, hapo ndipo nilipokosea, na nilikosea kwa sababu nilikuwa nimelelewa vizuri. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, lakini nyumba yetu ilikuwa nyumba ya watu wa kaskazini, na kwetu mtu mzima hasemi mbele ya mtoto kwamba mtoto huyu si wa mtu. Ni neno linaloweza kumshika. Watu wakikuambia "ni wetu" mara mbili, kuuliza mara ya tatu ni matusi. Karani mgeni, asiyejua adabu zetu, angeuliza mara ya tatu. Angejua kwamba ulikutwa barabarani baada ya daraja, umekaa juu ya kifurushi, na kwamba walikubeba kwa zamu siku nane. Angechukua karatasi nyingine, kwa sababu ilikuwepo karatasi nyingine ya watoto kama wewe, yenye nafasi ya alama za mwili, mahali ulipokutwa, na lugha unayosema. Karatasi hiyo ilikuwa kwa msimamizi. Msimamizi alikuwa upande wa pili wa mji, na lori la unga lilikuwa tayari linaunguruma getini.

Nikakuinamia. "Unaitwa nani?"

"Nkambo," ukasema.

Darasa zima likacheka tena, na wewe ukacheka pamoja nao, ukionyesha meno. Huo ndio mzizi wa mambo yote. Unajua mwenyewe kwamba nkambo ni bibi au babu. Mtoto akipewa jina la mama ya baba yake, baba yake hawezi kumwita kwa jina hilo, kwa sababu ni jina la mama yake mzazi. Anamwita Nkambo, na nyumba nzima inamfuata. Kwa hiyo mtoto wa miaka mitatu, minne, hajui jina lingine. Nililijua hilo kama nijuavyo njia ya kisimani. Nilijua kwamba mahali fulani kuna mtu anayejua jina lako kamili, na kwamba sina namna ya kulipata siku ile.

Karatasi ilitaka jina. Nikaandika Odette. Lilikuwa jina la mama yangu, aliyekuwa amekufa mwaka uliotangulia. Chini ya Mama Numbi, uhusiano: binti, miaka mitatu. Majina arobaini na moja, vichwa arobaini na kimoja. Nikatia sahihi. Jioni ile watu wa darasa la tano walikula, na wewe ulikula.

Karatasi yangu ilikwenda kwa msimamizi, msimamizi aliijumlisha na za wengine, zikapelekwa ofisini, ofisi ikazipeleka Kinshasa, na sijui kutoka Kinshasa zilikwenda wapi, lakini wiki chache baadaye nilisikia redio ikisoma hesabu ya watu waliokimbia makwao katika nchi yetu, kisha ya dunia nzima. Mamilioni na mamilioni. Mtangazaji aliisoma kama anavyosoma hali ya hewa. Nilikuwa nafua, nikasimama na mikono yenye povu, nikaona fahari. Nilisema, humo ndani kuna watu wangu arobaini na mmoja.

Na walikuwemo. Nimefikiria hilo miaka mingi. Jumla ilikuwa sahihi. Hakuna mtu hata mmoja aliyepotea kwenye hesabu ile kwa mkono wangu. Mtu yeyote angekuja kukagua, angehesabu vichwa, angesema karani huyu ni mzuri. Ulikuwa umehesabiwa, Odette. Wewe ndiye uliyepotea, hesabu haikupotea.

Baada ya wiki tatu Mama Numbi alipata nafasi kwa kaka yake Likasi. Alikuja kuniaga akiwa amekushika mkono. Nikamuuliza kama anakupeleka huko.

"Kaka yangu ana watoto tisa," akasema. "Tulikuambiaka huyu iko wetu sote wa chumba. Na weye ulikuwa mu chumba."

Akakuweka mbele yangu. Ulikuwa na koti la mtu mzima, mikono yake imekunjwa mara nne. Nikakupeleka nyumbani kwa taksi-basi, na njia nzima ulikuwa unasoma herufi za mabango kwa sauti, zote ukizisema vibaya.

Sitakueleza mwaka ule. Unajua ni nini kwa mwanamke aliyeachwa kwa kukosa mtoto kusikia mtu anagonga mlango na kuita "Mama Odette." Nilikuwa nimelitunga jina lako, na kabla ya mwezi kwisha likawa jina langu. Sokoni, kanisani, kwa muuza makaa. Mpaka leo watu wa avenue hii hawajui jina langu lingine.

Mwaka uliofuata, wakati wa kiangazi, nilikuwa nimepandishwa. Sikwenda tena madarasani, nilikaa ofisini nikipanga orodha, na watu waliokuwa wanatafuta watu wao walitumwa kwangu. Alikuja mwanamke wa umri wangu. Alikuwa na vumbi mpaka magotini na alivua ndala zake mlangoni ingawa nilimwambia asivue.

"Natafuta mutoto ya kaka yangu," akasema. "Mutoto mwanamuke. Kaka na muke yake walikufaka mu njia. Mutoto hatukumuona."

"Anaitwa nani?"

Akalitaja jina lako. Lote. Kisha akasema, "Lakini yeye hajui ile jina, mama. Anajua Nkambo. Mumuite Nkambo, ataitika. Iko na alama ya moto hapa," akagusa mkono wake wa kulia, juu ya kiwiko.

Unajua alama hiyo. Nilikuwa nimeisugua kwa mafuta asubuhi ile.

Nikafungua orodha. Niliweka kidole juu ya ukurasa wa kwanza na kushuka nacho mstari kwa mstari. Nilifanya kazi yangu vizuri. Nilipofika darasa la tano nilipita juu ya Odette, binti, miaka mitatu, na kidole changu hakikusimama. Nakumbuka kwamba kucha yangu ilikuwa na wino. Nikafika mwisho.

"Hayupo kwenye orodha, mama."

"Angalia tena."

Nikaangalia tena, kutoka mwanzo.

"Hayupo."

Kila nilichosema kilikuwa kweli kwenye karatasi. Ukisoma orodha ile leo, jina alilolitaja halimo. Nilimpa maji. Nilimpa kiti apumzike. Aliniambia anakwenda Pweto kwa watu wa mume wake, kwamba nikisikia jambo nimtumie habari kwa parokia ya huko, na akanisubiri niandike. Niliandika. Alipokuwa anavaa ndala zake akasema, "Aksanti, mama karani. Uko mupole."

Wewe ulikuwa kwa jirani, unakula hindi la kuchoma. Nilikuja kukuchukua saa kumi.

Sikulia siku ile, wala baadaye. Nilijiambia kwamba ni maskini, hana kitu, amekuja kwa miguu, atakulisha nini. Nilijiambia kwamba umeshanizoea. Nilijiambia kwamba akirudi mara ya pili nitamwambia. Hakurudi. Miaka michache baadaye vita vilifika upande wa Pweto, na watu wa kule wakavuka kwenda Zambia, wakaandikwa huko na makarani wengine, kwenye orodha nyingine. Nilisikia na hiyo kwenye redio. Nilizima.

Na sasa wanarudi, na wewe umechaguliwa kuwaandika. Ulipoingia hapa na barua ya kazi, ukasema "Mama, ni Pweto," nilikukumbatia nikasema hongera. Ulidhani ni furaha.

Utakaa nyuma ya meza. Watapanga mstari. Inawezekana atasimama mbele yako. Atataja jina lake, nawe utaliandika kwa mwandiko wako mzuri, utamuuliza watu wa nyumba yake ni wangapi, utamwambia apite upande wa kushoto. Ataona kwenye kifua chako kadi iliyoandikwa Odette. Hakuna atakayejua. Nimeona picha hiyo tangu Paluku aseme habari za mama yake, naiona nikipika, naiona nikiwa na mume wangu. Nimeolewa na mtu ninayempenda, na kila ninapotaka kuingia kwenye furaha hiyo nakuta mlangoni kuna mwanamke anavua ndala.

Leo asubuhi kabla ya misa nilimwambia Paluku. Wewe ulikuwa unaoga. Nilimwambia yote, kama nilivyokuandikia. Alikuwa anakoroga chai. Aliendelea kuikoroga muda mrefu mpaka nikaona haitoi tena mvuke.

"Mama yangu alikuwa anasema karani alikuwa mupole," akasema.

Akatoa kijiko kwenye kikombe.

"Umuambie leo," akasema. "Asifike Pweto hajui."

"Nitamwambia jioni."

"Hapana. Umuandikie. Ukimuambia na kinywa utalia. Ukilia atakuhurumia. Akikuhurumia hatauliza kitu, atakufuta machozi, ataenda. Andika, asome mwenyewe."

Nikamuuliza kama yeye ataondoka. Niliuliza kama mtu anayeuliza bei.

"Mimi niende wapi? Nimeandikwa hapa." Akasukuma kikombe. "Lakini leo usiniite chéri. Kesho utaniita."

Tukaenda misa. Aliimba vibaya kama kawaida, na nilisimama karibu naye, na hata hapo sikusikia kitu, isipokuwa kwamba mkono wake ulikuwa karibu na wangu na haukuusogelea.

Odette, sina mashauri mengi. Jambo moja tu la kazi, kwa sababu hilo nalijua kwa mwili wangu. Utapata mtoto ambaye watu watakuambia ni wetu. Watakuwa watu wazuri, na watakuwa wanasema kweli. Uliza mara ya tatu. Watakucheka, watakuuliza kwenu ni wapi wasipofundisha adabu. Uliza. Muulize mtoto nyumbani wanamwitaje, uandike hivyo hivyo, hata kama si jina. Na karatasi ikikataa kulingana, iache wazi. Najua lori litakuwa linasubiri, na watu watakuwa na njaa, na msimamizi atakusema. Sikuambii ni rahisi, mimi nilishindwa, na sijui hata leo kama ningewaacha watu arobaini walale bila kula kwa ajili ya mtoto mmoja. Lakini siku ile ya darasa la tano kulikuwa na lori. Ile naweza kuisamehe. Siku ya ofisini hakukuwa na lori. Kulikuwa na mimi na mwanamke na glasi ya maji.

Na nikuambie jambo baya zaidi, kwa kuwa nimeamua kutokudanganya humu. Hata sasa, ninapoandika, kuna upande wangu unaotamani awe amebaki Zambia, ameolewa tena, amehamia mbali ambako meza yako haitafika. Upande huo ni wangu, nao unakupenda. Usiuamini.

Shangazi yako anaitwa Ngoie Banza. Ni mrefu kuliko mimi, ana pengo kwenye meno ya mbele kama lako. Aliposema atakuwa Pweto alisema upande wa ziwa, karibu na mahali wavuvi wanapokausha samaki, na watu wa mume wake wanaitwa watu wa Kisimba. Hayo niliyaandika siku ile kwenye kipande cha karatasi ya ofisi. Nimekiweka humu. Kimekunjika, lakini kinasomeka.

Na wewe unaitwa Mwadi Kalenga. Nimelijua jina hilo miaka kumi na minne na sijawahi kulitamka kwa sauti. Nimelitamka sasa hivi, hapa mezani, mara mbili, kusikia linavyokaa.

Sijui utafanya nini. Unaweza kwenda kwake usirudi. Unaweza kumleta hapa. Unaweza kukataa kwenda na kunilaumu kwamba nimekuharibia kazi yako ya kwanza usiku wa mwisho. Chochote kati ya hayo, sina neno la kukuzuia, na sitalitafuta.

Nilikuwa nimepanga kuificha barua hii kwenye sanduku, chini ya maputa, uikute Pweto. Nilikuwa nimeshafungua kamba. Kisha nikaona ni kidole kile kile, kinachopita juu ya mstari na kuendelea. Ungeisoma ukiwa peke yako, mbali, na mimi ningekuwa hapa na mume wangu, salama. Nimefunga kamba tena.

Nakusikia getini, unacheka na mtoto wa Mama Gisèle. Nitakupa hii mkononi kabla hujaketi. Mimi nitakaa kwenye kiti kilicho mbele yako, na sitaondoka, sitakwenda kuangalia jiko. Soma polepole. Ukimaliza, niulize.